Kitufe Kilichoandikwa TAYARI

Kaka Lomayani,

Nina hasira. Nilitaka nianze kwa kukuuliza kama huko uliko umepumzika, kama watu wanavyoanza, lakini nimeshika kalamu nikaona nitakuwa nakudanganya, na wewe hukupenda kudanganywa. Nina hasira na Bosi Gasper. Nina hasira na wageni wake. Nina hasira na neno moja lililoandikwa kwenye kioo cha kompyuta pale ofisini. Na wewe pia, nina hasira na wewe, ila hiyo tutaifikia.

Tangu tukuzike mvua zimekuja. Tulikuzika siku ya upepo, vumbi lile la kwenu Oldonyo Sambu likitujaa machoni hadi hakuna aliyejua nani analia na nani anafikicha macho tu. Masika yakaingia haukupita muda. Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha mlimani mchana, huku chini Sokon One jua linawaka na watu wameanika nguo. Unaijua mvua ya namna hiyo. Ndiyo uliyoitengenezea Sikio.

Wiki yangu ya kwanza kazini ulinitoa ofisini Njiro ukanipandisha hadi korongoni, juu kule karibu na msitu, ukaniambia nilaze kiganja ardhini. Nikadhani unanitania, maana ulikuwa huishi kunitania, uliniita Fundi Baadaye kwa sababu kila kosa nilisema nitalirekebisha baadaye. Ukasema, "Mawe yanatembea kabla maji hayajaonekana." Mafuriko yakianza juu yanasukuma mawe, na ardhi inatetemeka. Kifaa kikifukiwa pale kinaweza kuusikia mtetemo huo, kikapambanua kama ni mawe, au ni ng'ombe wanapita, au ni lori, halafu kikapiga honi huku bondeni watu wakatoka kabla maji hayajawafikia. Ulikiita Sikio. Programu yote ya ndani yake uliiandika wewe, mimi nikiwa pembeni nauliza maswali ya kijinga na wewe ukinijibu huku unatafuna chapati.

Basi siku ile Sikio lilisikia, Kaka. Lilichelewa kusema. Honi ililia watu wakiwa wameshapanda juu ya meza. Hakufa mtu, na kila nikikumbuka namshukuru Mungu. Lakini karakana ya Baba Theresia, yule fundi seremala wa pale ukingoni aliyekuwa akitupa viti tukipita, ilizolewa yote. Mbao, randa, kitanda cha mteja kilichokuwa kinasubiri vanishi, vyote. Yeye mwenyewe alivunjika mguu akimtoa mama yake dirishani.

Ukaitishwa mkutano kwenye uwanja wa ofisi ya kata. Bosi akasimama mbele ya watu wote, na ile sauti yake ya kanisani. Akasema tulikuwa na kijana mahiri sana, Mungu amlaze mahali pema, ila programu aliyotuachia ilikuwa nzito. Kifaa kilisikia lakini kilikuwa kinawaza polepole. Ugonjwa haukumpa nafasi ya kuimalizia kazi yake vizuri. Watu wakaguna. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Kumbe ni ya yule marehemu." Wanasema maiti haulizwi sanda. Hata programu haiulizwi, kumbe.

Na yeyo wako alikuwepo. Mama yako mzazi, Kaka. Walikuwa wamemwalika kuja kupokea picha yako iliyowekwa kwenye fremu, ile uliyopigwa mlimani ukiwa umeshika koleo na kucheka. Alikuwa ameketi kiti cha mbele, kitenge kipya, shanga zake zote, fremu mapajani, na akayasikiliza maneno yale mpaka mwisho bila kutikisika. Kisha akanipa mimi ile fremu niishike. Akainama pale kando ya uwanja, akang'oa nyasi, akatembea hadi alipokaa Baba Theresia na mguu wake wa plasta, akamnyooshea zile nyasi kwa mikono miwili.

Akamwambia, "Nisamehe kwa ajili ya mwanangu."

Wewe unajua kwenu nyasi maana yake nini. Mtu akikunyooshea nyasi anaomba amani, na hakuna anayemkatalia. Baba Theresia ni Mpare, lakini amekaa na Waarusha miaka ya kutosha. Alizipokea. Na alipozipokea alilia, mwanaume mzima, mbele ya wake wa watu. Halafu Bosi Gasper akaanza kupiga makofi, na watu wote wakafuata kupiga makofi. Makofi! Mama anaomba radhi kwa kosa la marehemu wake na wao wanapiga makofi kama vile kwaya imemaliza wimbo. Mimi nimesimama na picha yako mikononi, siwezi hata kuziba masikio.

Sasa nikuambie kilichonifanya nisiliache jambo lile. Mimi nililiona Sikio likifanya kazi mezani kwako. Uligonga mguu wa stuli kwa ngumi, honi ikalia kabla hujauondoa mkono, ukanigeukia ukasema, "Hiyo ndiyo kasi, Fundi Baadaye." Kifaa kilekile. Programu ileile. Itakuwaje mezani iwe nyepesi na mlimani iwe nzito?

Nikamwendea Bosi. Akaniambia, "Mdogo wangu, yaliyopita si ndwele." Akasema wanaachana na programu yako, wanaagiza nyingine ya nje pamoja na vifaa vyenye nguvu zaidi. Sikubishana. Nikaenda kukaa kwenye meza yako, maana hakuna aliyethubutu kuikalia, nikaanza kusoma ulichoandika, mstari kwa mstari, nikitafuta huo uzito. Sikuuona. Niliona tu mikono yako. Niliona mahali ulipofupisha hesabu kwa ujanja, na mahali uliponiachia nafasi mimi nijaze, na jinsi nilivyojaza vibaya na wewe ukanisahihisha bila kusema.

Ndipo nikakumbuka kitu. Wewe hukuwahi kubonyeza vile vitufe vya kwenye kompyuta ya ofisini. Ulikuwa unaamrisha kompaila kwa kuandika amri zako mwenyewe, kwenye kompyuta yako. Sisi wengine ndio wa kubonyeza, tukichagua kimoja kati ya vitufe viwili ulivyotuwekea: JARIBIO, tukiwa bado tunatafuta makosa, na TAYARI, kazi ikiwa imekamilika na inakwenda kwa watu.

Unakumbuka ulivyonieleza kompaila ni nini? Tulikuwa tunakunywa chai. Ulisema ni mkalimani, anachukua tulichoandika sisi anakigeuza kuwa lugha ya mashine. Lakini anaweza kufanya hivyo kwa njia mbili. Ukasema, mama ana mtoto wa kumtuma dukani. Anamwambia kalete chumvi, halafu kalete kiberiti, halafu kalete sabuni. Mtoto wa kwanza anakwenda analeta chumvi, anarudi nyumbani, anakwenda tena analeta kiberiti, anarudi, anakwenda tena. Mtiifu kabisa, na jioni wali haujaiva. Mtoto wa pili anasikiliza yote, anakwenda mara moja, anarudi na vyote mkononi. Kompaila ukimruhusu ni yule mtoto wa pili. Ukimkataza ujanja anakuwa yule wa kwanza. Ukasema tukiwa tunatafuta kosa tunamtaka wa kwanza, ili tuone kila safari yake. Lakini kazi ikienda kwa watu, tunamtaka wa pili, kwa sababu maji hayasubiri mtu arudi dukani.

Nikafungua mipangilio ya TAYARI ndani. Pale kwenye kiwango cha kuharakisha kulikuwa na herufi O kubwa na sifuri ubavuni mwake. Sifuri, Kaka! Yaani usifanye ujanja wowote, nenda na kurudi, nenda na kurudi. Nikafungua JARIBIO. Sifuri vilevile. Vitufe viwili vilikuwa kitu kimoja chenye majina mawili, na moja kati ya majina hayo lilikuwa uongo. Sikio la mlimani lilikuwa linafanya hesabu zako zote kwa miguu ya yule mtoto wa kwanza. Mitetemo ilikuwa inaingia haraka kuliko linavyoweza kuichambua, inajipanga foleni, na lilipoifikia ile ya mawe, mawe yenyewe yalikuwa yameshafika kwa Baba Theresia.

Wewe uliweka mbili pale, namba ya kumruhusu ujanja wake. Nilikuona ukiweka. Basi nani aliiondoa? Ule mfumo wetu wa kutunza programu unahifadhi kila badiliko na jina la aliyelifanya, wala sikuhitaji kupekua sana. Gasper. Wiki ile ya wageni.

Ulikuwa umelazwa, labda hukuambiwa. Wageni wafadhili walikuwa wanakuja kuona kazi. Ofisi ilipigwa deki mpaka kwenye ngazi, maua yakanunuliwa, tukaambiwa tuvae vizuri. Bosi alitaka kuwaonyesha programu ukutani kwa projekta, ikitembea mstari mmoja mmoja, na tarakimu zikibadilika mbele ya macho yao. Sasa ukiwa na yule mtoto mwerevu haiwezekani kuonyesha hivyo. Mshale unaruka mistari, unarudi nyuma, tarakimu nyingine hazionekani kabisa kwa sababu ameshazifupisha. Ingeonekana kama imeharibika. Basi Bosi akazima werevu wote ili mshale utembee kwa adabu. Wageni wakafurahi, wakapiga picha, wakala nyama choma. Hakurudisha. Na wiki hiyohiyo fundi wa ufungaji alipopanda mlimani kuliwekea Sikio programu, alibonyeza TAYARI, kama alivyofundishwa.

Tumelelewa hivyo sote, najua. Mgeni akija vikombe vya kabatini vinatoka, vitambaa vya makochi vinafuliwa, watoto wanakatazwa kupiga kelele. Nyumba haibaki kuwa nyumba. Lakini mama yangu mgeni akiondoka anarudisha vikombe kabatini. Hata mtoto mdogo anajua. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mgeni alikuja, mwenyeji akazolewa na maji.

Na lile neno ndilo linaloniudhi kuliko yote. Kingekuwa kitufe kimeandikwa sifuri, yeyote angeuliza. Kiliandikwa TAYARI, nani aulize? Ulikuwa ukituambia, "Jina ni la mlangoni, ingia ndani uone." Ulituambia halafu ukatuwekea majina mazuri ya mlangoni, tukazoea kutoingia. Ndiyo maana nina hasira na wewe pia. Halafu wewe mwenyewe, kila nilipokuja wodini ulinijibu unaendelea vizuri. Vizuri! Uso umevimba, figo zimeshakataa, na unaniuliza habari za ofisi. Nilikuamini kwa sababu ulilisema kwa sauti ileile ya siku zote. Ningejua ningekaa zaidi. Ningekuletea chapati hata kama wamekukataza, ukazinusa tu.

Niliirudisha ile mbili. Sikugusa herufi yako hata moja, naapa, hata pale ulipoacha nafasi isiyo na kazi. Nikaliwekea Sikio la mezani, nikagonga mguu wa stuli. Honi ililia kabla sijauondoa mkono. Nilikaa chini sakafuni nikakutukana, nikamtukana Gasper, nikalia, dada wa usafi akaniletea maji akidhani nimefiwa tena.

Bosi nilimwonyesha asubuhi hiyohiyo. Alitazama kioo muda mrefu, rangi yake ikabadilika, nikafikiri ataanguka. Akasema, "Kumbe." Basi, neno hilo moja. Na nikwambie, nilimhurumia. Si mtu mbaya, hilo ndilo linaloniudhi, ndiye aliyekukimbiza hospitali kwa gari lake siku ile ulipozidiwa. Lakini hapohapo alianza kupanga maneno. Akasema tutaliita toleo jipya. Tutasema tumefanya maboresho. Hakuna haja ya kuwachanganya wananchi na mambo ya kompaila, na marehemu hatadhurika. Nikamwambia marehemu ana mama. Akaniambia nimezidiwa na hisia, nichukue likizo nipumzike. Kumbe mtu akisema kweli ni likizo anayohitaji!

Siku ya kulirudisha Sikio mlimani tukakusanywa tena uwanja uleule. Bosi akasema toleo jipya. Akasema maboresho. Nikasimama bila kupewa nafasi. Nikawaambia hakuna toleo jipya hapa, ni programu ileile ya Lomayani, herufi kwa herufi, na nikawaeleza habari ya mama na watoto wawili wa kutumwa dukani. Nikawaambia nani alimkataza mtoto ujanja, na kwa ajili ya nani. Nilifikiri hawataelewa. Mama mmoja muuza mboga akauliza, "Kwa hiyo mtoto hakuwa mzembe, alikatazwa tu kuwa mwerevu?" Nikamwambia ndiyo, mama, ni hivyo hasa. Bosi alikuwa anatazama simu yake.

Kisha Baba Theresia akasimama na magongo yake. Nikadhani atamgeukia Bosi, na wengi walidhani hivyo. Hakumtazama. Aliniuliza mimi, "Yule mama anakaa wapi?" Akasema amepokea nyasi za mtu asiye na kosa, na nyasi za namna hiyo haziwezi kukaa nyumbani kwake. Amekuwa akiziona zimekauka pale dirishani, hajui azitupe au azitunze.

Mvua imenyesha tena baada ya hapo, Kaka, kubwa kuliko ile. Honi ililia jua likiwaka, watoto wakatoka, bibi wa Baba Theresia... nisamehe, mama yake, akatolewa mlangoni kama mtu na si dirishani. Jirani yao mmoja ananiambia alipata muda wa kuzima jiko na kufunga mlango kwa kufuli. Maji yalipita kwenye nyua zisizo na watu. Nilikuwa ofisini, nikatamani kukupigia simu, na nikaitoa kabisa mfukoni kabla sijakumbuka.

Kile kitufe nimekibadilisha jina. TAYARI nimelifuta. Sasa pameandikwa kinachofanyika ndani, jina refu na baya, wenzangu wanalilalamikia. Walalamike.

Jumamosi tunapanda Oldonyo Sambu, mimi na Baba Theresia. Amepata mtu wa kutuazima gari kwa sababu ya mguu wake. Amesema atachuma nyasi mpya pale pale ilipokuwa karakana, zimeota vizuri baada ya maji. Nilimwambia Bosi kuwa nafasi ipo kwenye gari. Alifikiri kidogo, akasema angependa sana kuja, ila Jumamosi ana wageni.

Basi nikuahidi hivi. Nitamwinamishia yeyo kichwa anisalimie kwa kunigusa, kama ulivyonifundisha siku ile uliponipeleka kwenu, nami mtoto wa mjini nikasimama kama mlingoti nikimpa mkono. Sitamwambia habari za kompaila wala sifuri. Nitamwambia kazi ya mwanao ilikuwa safi, na walioihukumu hawakuifungua. Nitasema kwa sauti, ili na majirani wasikie, maana aliomba radhi mbele ya watu. Kisha nitakuja hapo ulipolala, nikuondolee magugu, nikuonyeshe kuwa hasira yangu kwako imeisha. Nadhani itakuwa imeisha.

Lala, Kaka. Nyasi za mama yako Baba Theresia anazirudisha Jumamosi. Za Gasper bado hazijang'olewa, na hizo nitamdai mimi, kila asubuhi, nikiwa nimekaa kwenye meza yako.

Mdogo wako,
Naserian